MFUPA WA MTOTO NA KISU CHA DAKTARI

Leo tunasoma historia, ila si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya mguu wa mtoto.

Tuseme mtoto wa jirani yako amepanda mwembe. Tawi limekatika, ameanguka, na paja limevunjika. Mama analia, baba anatafuta gari, na mzee mmoja anashauri aitwe fundi wa kuunga mifupa. Wakifika hospitali, daktari anaweza kusema, "Tutamfunga jasi." Au anaweza kusema, "Tutamlaza, na mguu tutauvuta kwa uzito." Au anaweza kusema, "Huyu tutampasua, tumtie vyuma." Mzazi asikiapo neno hilo la tatu hushtuka. Huuliza, naye ana haki ya kuuliza: mbona mtoto wa fulani alivunjika vile vile, wala hakupasuliwa?

Jawabu la swali hilo lilichukua miaka mingi kupatikana, na watoto wengi walikufa au kukatwa miguu kabla halijapatikana.

Kwanza tujue mifupa tunayoizungumza. Mifupa mirefu ni ule wa paja, ile ya muundi, ule wa mkono wa juu, na ile miwili ya kigasha. Mwalimu wa darasa, kama una chaki, tafadhali chora mmoja ubaoni: fimbo iliyonyoka, yenye kichwa huku na huku. Katikati ya fimbo chora uvungu, maana ndani ya mfupa mna nafasi, na nafasi hiyo imejaa uboho. Usiufute uvungu huo. Tutauhitaji mwisho wa somo.

Sanaa ya kuunga mifupa ni ya zamani sana. Mwaka 1908 ziliandikwa habari za watu waliofukuliwa katika makaburi ya Misri, waliozikwa zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, wakiwa bado wamefungwa magango. Mmoja wao alikuwa msichana wa miaka kama 14 aliyevunjika paja. Magango yake yalikuwa ya mti, yamezungushiwa kitambaa cha kitani. Mtu yeyote aliyemwona fundi wa kijijini akifunga mguu kwa vipande vya mti na kitambaa ataitambua kazi hiyo mara moja. Jasi ilikuja nyuma sana. Daktari mmoja wa jeshi la Uholanzi, Antonius Mathijsen, ndiye aliyepaka bandeji unga wa jasi mkavu, kisha akailowesha maji na kuuzungushia mguu. Baada ya dakika chache ikawa ngumu kama jiwe. Alieneza habari hiyo mwaka 1852.

Gango na jasi vilitosha kama ngozi haikupasuka. Lakini mfupa ukitokeza nje, au jeraha likifika mpaka kwenye mfupa, mambo yalikuwa mengine. Jeraha lilitunga usaha, homa ikapanda, na mara nyingi mgonjwa akafa. Kwa sababu hiyo madaktari walikata mguu mapema ili kuiokoa roho. Hata baada ya dawa ya usingizi, yaani nusukaputi, kuonyeshwa hadharani katika mji wa Boston, Marekani, mwezi wa Oktoba 1846, hali haikuwa njema. Mgonjwa sasa hakusikia maumivu ya kisu, lakini usaha ulimngojea kitandani. Daktari alivaa koti lenye damu ya wagonjwa wa jana, wala hakuona haya.

Basi twende Glasgow, mji wa Scotland, tarehe 12 Agosti 1865. Mvulana wa miaka 11, jina lake James Greenlees, aliletwa katika hospitali kubwa ya mji huo. Gurudumu la gari la kukokotwa lilikuwa limempitia juu ya mguu wa kushoto, chini kidogo ya katikati ya muundi. Bahati yake gari lilikuwa tupu. Hata hivyo mfupa ulivunjika, na karibu na mahali ulipovunjika palikuwa na jeraha la urefu wa inchi moja na nusu. Kwa desturi ya siku zile kijana huyu alikuwa katika hatari ya kupoteza mguu wake, na labda maisha yake.

Mkuu wa wodi ile alikuwa Joseph Lister. Alikuwa amesoma kazi ya Mfaransa Louis Pasteur, aliyeonyesha kuwa vitu huoza kwa sababu ya vijidudu visivyoonekana kwa macho. Lister akawaza: kama nyama huoza kwa vijidudu, labda na jeraha huoza kwa vijidudu hivyo hivyo. Alikuwa amesikia tena kuwa katika mji wa Carlisle dawa iitwayo kaboliki ilitiwa katika maji machafu ya mji ili kuondoa uvundo. Tazama jinsi maarifa yanavyosafiri: dawa ya mfereji wa maji machafu ikapelekwa kwenye mguu wa mtoto. Jeraha la James lilifunikwa kwa kitambaa kilicholowa kaboliki, mguu ukafungwa magango, na kwa siku nne hakuna aliyekifungua kitambaa. Kilipofunguliwa, hapakuwa na usaha. Baada ya majuma sita na siku mbili mfupa ulikuwa umeunga.

Mwaka 1867 Lister aliandika katika gazeti la madaktari habari za wagonjwa 11 wa namna hiyo. Tisa walipona na viungo vyao, mmoja alikatwa mguu, na mmoja akafa. Huenda ukasema wawili kati ya 11 ni wengi. Kwa siku zile matokeo hayo yalikuwa ya kushangaza, na wengine hawakuyaamini kwa miaka mingi.

Sasa angalia. James hakutiwa chuma chochote. Lakini kwa kuwa jeraha lake halikuoza, mlango ulifunguka. Kama jeraha lililoletwa na gurudumu laweza kupona bila usaha, basi hata jeraha lililofanywa na daktari mwenyewe kwa makusudi laweza kupona. Mwaka 1877 Lister, akiwa sasa London, alifungua goti la mtu mzima na kuifunga kwa waya wa fedha mifupa iliyovunjika. Mwaka 1895 Wilhelm Röntgen wa Ujerumani akagundua miale ya eksirei, na kwa mara ya kwanza daktari aliweza kuuona mfupa bila kuikata ngozi. Huko London William Arbuthnot Lane alianza kuunga mifupa kwa mabamba ya chuma na parafujo, kama seremala aungavyo mguu wa kiti, na mwaka 1905 alitoa kitabu juu ya kazi hiyo. Lane alikuwa mkali wa usafi: mkono wa daktari usiguse jeraha, vyombo tu ndivyo viguse.

Ungetazamia kwamba tangu hapo watoto wote waliovunjika mifupa mirefu wakapasuliwa. Haikuwa hivyo. Walio mahodari zaidi wa kazi hiyo walikataa, na sababu yao ilikuwa njema. Kuieleza sababu hiyo yatupasa turudi nyuma, kwa padre mmoja na kifaranga chake.

Padre huyo alikuwa Mwingereza, Stephen Hales, mtu aliyependa kupima kila kitu, hata maji yanayopanda katika shina la mmea. Mwaka 1727 alitoa kitabu, na ndani yake alieleza hivi: alimchukua kifaranga aliyekua nusu, mwenye mfupa wa mguu wa inchi 2. Kwa chuma chenye ncha akatoboa vitundu viwili katikati ya mfupa huo, kimoja mbali na kingine kwa nusu inchi. Akamwacha aishi. Baada ya miezi miwili alimchinja na kuutazama mfupa. Ulikuwa umerefuka kwa inchi nzima. Lakini vile vitundu viwili vilikuwa pale pale, nusu inchi kati yao, havikuachana hata kidogo.

Umeelewa maana yake? Mfupa haurefuki katikati. Hurefuka mwishoni. Wewe uliyezoea kusuka ukili wa mkeka unalijua jambo hili bila kufundishwa: msusi huongeza miyaa mwishoni, na sehemu iliyokwisha kusukwa hairefuki tena. Mfupa mrefu wa mtoto una mahali pa kuongezea miyaa karibu na kila kichwa chake, nalo ni bamba jembamba la gegedu, laini kuliko mfupa wenyewe. Kwa mtu mzima bamba hilo limekwisha kugeuka mfupa mtupu. Kwa mtoto liko hai, linafanya kazi usiku na mchana. Daktari akilipitishia msumari mnene, au akilikwaruza kwa parafujo, upande huo wa mfupa unaweza kuacha kukua. Mtoto ataondoka hospitali amepona, na baada ya miaka mitano mguu mmoja utakuwa mfupi kuliko mwenzake, au umepinda.

Hiyo ni sababu ya kwanza ya kuogopa kisu. Ya pili ni ya furaha. Mfupa wa mtoto hujiponya kwa namna ambayo mtu mzima anaweza kuionea wivu. Umefunikwa na ngozi nene yenye damu nyingi, ambayo mara nyingi haikatiki yote mfupa unapovunjika. Mara nyingine mfupa wenyewe haukatiki wote, hupasuka upande mmoja na kupinda upande wa pili, kama kijiti kibichi cha mpera. Paja la mtoto mchanga huweza kushikana kwa majuma mawili au matatu. La mtu mzima huchukua miezi. Tena mfupa wa mtoto ukiunga umepinda kidogo, hujinyoosha wenyewe kadiri anavyokua. (Ila ukiunga umejisokota, haujisokotoi. Daktari hulitazama sana jambo hilo.) Na ajabu kubwa zaidi: paja la mtoto wa miaka miwili hadi kumi likivunjika, mara nyingi hurefuka kupita mwenzake kwa kiasi cha sentimita moja, kwa sababu damu nyingi iliyokuja kuponya hulisha pia yale mabamba ya gegedu. Kwa hiyo daktari aliyejifunza vizuri huweza kuiacha mifupa ipandane kidogo katika jasi, kwa makusudi. Mzazi akiiona picha ya eksirei hudhani mwanawe amefanyiwa uzembe, kumbe daktari anahesabu urefu wa mwaka ujao.

Katikati ya miaka ya 1950 Walter Blount, daktari wa mji wa Milwaukee huko Marekani, alitoa kitabu kizima juu ya mifupa iliyovunjika ya watoto, na alionya vikali kuhusu kuwapasua bila sababu kubwa. Nadhani alifanya kazi kubwa kuliko wengi waliobuni vyuma vipya, ingawa watu hawamkumbuki kwa jinsi hiyo. Kumzuia mpasuaji hodari asipasue si jambo jepesi.

Basi bila kisu walifanyaje? Walivuta. Misuli ya paja ina nguvu. Mfupa ukivunjika, misuli huvivuta vipande vikapandana. Dawa yake ni kuvuta upande wa pili, polepole, kwa siku nyingi. Mtoto mdogo aliinuliwa miguu yote miwili juu kwa kamba, makalio yakiacha kitanda kidogo, kwa njia ya Thomas Bryant wa London. Mtoto mkubwa zaidi alilazwa katika gango la Hugh Owen Thomas: pete inayokaa kwenye kinena na vyuma viwili vinavyoteremka pande zote za mguu. Na hapa niseme neno kwa wale wanaowacheka mafundi wetu wa kuunga mifupa. Thomas huyu, aliyezaliwa mwaka 1834, alitoka katika ukoo wa mafundi wa mifupa wa kisiwa cha Anglesey, watu wasio na cheti. Baba yake alikuwa fundi vile vile. Mtoto alisomea udaktari, lakini maarifa ya nyumbani hakuyatupa, na gango lake liliokoa askari wengi katika vita vya 1914 hadi 1918.

Kuvuta kuliponya, lakini kulikuwa na gharama yake. Mtoto alilala chali majuma matatu au manne au zaidi, kisha akafungwa jasi kutoka kifuani mpaka kwenye vidole. Shule ilimpita. Mama alikaa naye hospitali, na wadogo zake nyumbani wakakaa bila mama. Mwenye kuosha na kugeuza mtoto wa miaka tisa ndani ya jasi hiyo anajua uzito wa kazi. Tena mtoto wa miaka kumi au kumi na mbili ni mzito, misuli yake ina nguvu, na miaka ya kujinyoosha iliyobaki ni michache. Kwa hao jasi peke yake ilianza kushindwa.

Wakati huo watu wazima walikwisha kupata njia nyingine. Mwezi wa Novemba 1939, katika mji wa Kiel, Ujerumani, Gerhard Küntscher alipitisha msumari mrefu wa chuma ndani ya uvungu wa paja lililovunjika. Huo ndio uvungu uliochorwa ubaoni. Wafungwa wa vita wa Kimarekani waliporudi kwao na misumari hiyo mapajani, madaktari wao hawakuyaamini macho yao. Lakini msumari wa Küntscher ulikuwa mnene na mgumu, ukaingilia juu karibu na nyonga. Hapo mtoto ana gegedu la kukulia, na hapo pia hupita mishipa midogo ya damu inayolisha kichwa cha paja. Mishipa hiyo ikikatika, kichwa cha mfupa hufa, na nyonga huharibika kwa maisha yote. Dawa iliyomfaa baba haikumfaa mwana.

Mpaka mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980, katika mji wa Nancy, mashariki mwa Ufaransa. Hapo wapasuaji wa watoto, akina Jean Prévot na Jean-Paul Métaizeau, waligeuza wazo. Badala ya msumari mmoja mnene na mgumu, walitumia vijiti viwili vyembamba, vya madini yaitwayo titani, vyenye unene wa milimita 2 hadi 4, vinavyonesa kama ufito. Badala ya kuingilia juu, waliingilia chini, juu kidogo ya goti, kwa tundu dogo kila upande, mbali na gegedu. Kila kijiti hupindwa kwanza kama upinde. Kikisukumwa ndani ya uvungu hutaka kurudi katika umbo lake la upinde, na hivyo huusukuma ukuta wa mfupa. Mwenzake husukuma upande wa pili. Mfano wake ni pinde mbili zilizotazamana ndani ya mwanzi: mwanzi hauwezi kulala huku wala huku.

Mahali penyewe palipovunjika mara nyingi hapafunguliwi. Daktari hutazama katika mashine ya eksirei yenye kioo kama cha televisheni, akikiongoza kijiti kutoka kipande cha chini mpaka cha juu. Kwa hiyo ile ngozi nene ya mfupa haiguswi. Tena kwa kuwa vijiti vinanesa, vipande vya mfupa hutikisika kidogo sana, na mtikisiko huo mdogo huuchochea mfupa mpya uote upesi. Mwaka 1988 madaktari wa Nancy walitoa hesabu yao: mapaja 123 ya watoto wa miaka 5 hadi 16, na mifupa ikaunga. Mtoto aliyekuwa alale mwezi mzima aliweza kurudi nyumbani baada ya siku chache, akitembelea magongo. Usumbufu ulikuwapo: ncha za vijiti zikiachwa ndefu huchoma ngozi karibu na goti, na wengine huingiwa na vijidudu. Hakuna kisu kisicho na hatari.

Sasa tunaweza kumjibu yule mzazi. Siku hizi daktari mwenye vifaa vyote hutazama umri kwanza. Mtoto wa chini ya miaka mitano aliyevunjika paja kwa kawaida hufungwa jasi. Wa miaka mitano hadi kumi na mmoja hivi, vijiti vya Nancy vinamfaa sana. Aliyezidi hapo, hasa akiwa mzito, huweza kutiwa msumari mgumu uliotengenezwa kuingilia pembeni, usiguse ile mishipa ya nyonga. Mfupa uliotoboa ngozi husafishwa kwa maji mengi na hupewa dawa za kuua vijidudu mapema iwezekanavyo, hata kama mtoto ni mdogo. Na pasipo na mashine ya kutazamia wala vijiti, kama ilivyo katika hospitali nyingi za wilaya katika Afrika Mashariki, kuvuta kwa uzito bado ni tiba halali. Usidhani mwanao amedharauliwa.

Jambo moja halitazami umri wala chombo. Mwaka 1881 Mjerumani Richard von Volkmann alieleza jinsi bandeji iliyokazwa mno inavyoizuia damu, misuli ikafa ndani ya saa chache, na mkono ukakunjamana kama ukucha wa ndege. Hutokea kwa magango ya fundi, na hutokea kwa jasi ya hospitali, hasa mtoto akivunjika juu kidogo ya kiwiko. Vidole vikivimba, vikawa baridi au vikabadilika rangi, au mtoto akilia kwa maumivu yanayozidi hasa unapovinyoosha vidole vyake, usingoje asubuhi. Mrudishe hospitali usiku huo huo, wafungue.

Na vile vijiti? Mfupa ukishakuwa imara, baada ya miezi kadhaa au karibu mwaka mmoja, mara nyingi huondolewa. Mtoto hulazwa usingizi tena kwa muda mfupi, kovu dogo la karibu na goti hufunguliwa, na ncha ya kijiti hushikwa kwa koleo na kuvutwa. Hutoka kizima, kimepinda kama kilivyoingia. Njia kilichoiacha ndani ya mfupa hujaa uboho tena.